Mcheza Kwao, Nani Amwandika?

Nilisimama kando ya uwanja wa shule moja ya upande wetu wa Longisa, siku ya mashindano ya kaunti ndogo, nikamwona msichana akishinda mbio za mita 3,000. Njia zilikuwa zimechorwa kwa majivu na mvua ya usiku ilikuwa imekwisha kufuta kona mbili, hivyo wakimbiaji wengine walikuwa wakikisia pa kupinda. Yeye hakukisia. Alikimbia miguu mitupu, akawaacha wenzake karibu nusu mzunguko, akakata uzi huku anatabasamu. Mwalimu aliyeshika saa alitaja muda kwa sauti, mwenzake akauandika kwenye daftari. Tukapiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele, kisha wakaitwa wavulana wa mita 800.

Wiki mbili baadaye nilikutana na mwalimu yule sokoni nikamuuliza habari za lile daftari. Alicheka. Kurasa za nyuma zilikuwa zimeandikwa majina ya wanafunzi waliolipa pesa za chakula cha mchana. Za mbele hakujua ziliishia wapi. Nikataka kumkumbusha yule msichana wa mita 3,000, nikajikuta sina jina la kumtajia. Alikuwa Chebet? Alikuwa Cherono? Siku ile nilikuwa na simu mfukoni na kalamu kwenye shati, na sikuandika kitu.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Huku kwetu mcheza kwao hupigiwa makofi, na kabla jua halijatua amesahaulika. Ili atunzwe, sharti kwanza akacheze Eugene, Doha au Paris. Akirudi na nishani ndipo tunapokimbilia uwanja wa ndege na vibuyu vya maziwa ya mursik, na ndipo magazeti yanapotuma gari kijijini kwao kumpiga picha mama yake mlangoni. Naona kwamba kati ya uwanja wa majivu na uwanja wa Paris pana pengo la mtu mmoja: mwandishi wa michezo anayeishi hapa hapa na kuzijua njia za hapa. Na ninazo sababu za kutaka mtu huyo awe mwanamke.

Kwa msomaji asiyetujua, Longisa iko kando ya barabara ya kutoka Narok kwenda Bomet, ukishavuka Mulot. Hapa tuko ukingoni mwa nchi ya chai. Ukipanda upande wa Tirgaga na Kapkoros unaingia kwenye majani chai hadi upeo wa macho. Ukishuka kuelekea Mulot ni mahindi na ng'ombe. Wengi wa nje wanatujua kwa sababu ya hospitali ya rufaa ya kaunti. Lakini ukichukua Bomet na Kericho pamoja, nchi hii ina deni kubwa kwa eneo hili dogo. Nishani ya kwanza kabisa ya Kenya katika Olimpiki ililetwa na mtu wa Kericho, Wilson Kiprugut Chuma, aliyepata shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964, kisha fedha Mexico mwaka 1968. Beatrice Chebet, naye mzaliwa wa Kericho, alikuwa mwanamke wa kwanza duniani kumaliza mita 10,000 chini ya dakika 29, aliposimamisha saa kwenye 28:54.14 mwezi Mei 2024. Miezi mitatu haikupita akawa na dhahabu mbili za Paris, na Julai 2025 akawa wa kwanza kumaliza mita 5,000 chini ya dakika 14.

Kaunti yetu ya Bomet inaye Beatrice Chepkoech. Mwaka 2017, katika fainali ya dunia ya kuruka viunzi na maji mjini London, alikipita kiunzi cha maji bila kukiruka, akashtuka, akageuka nyuma, akakiruka, kisha akawafukuza wenzake hadi akamaliza wa nne. Dunia nzima ilicheka na kumhurumia. Mwaka uliofuata, pale Monaco, aliivunja rekodi ya dunia kwa zaidi ya sekunde nane: 8:44.32. Mwaka 2019 alitwaa dhahabu Doha. Kila hatua ya habari hiyo iliandikwa ng'ambo. Sisi tulio karibu na chimbuko lake hatuna hata mstari mmoja wa gazeti unaosema siku fulani, katika uwanja fulani wa Bomet, msichana fulani alianguka kwenye kiunzi akainuka.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa mbali haliwezi, nalo ni majina. Kwa Wakipsigis jina la mtoto ni saa. Chepkoech kazaliwa pakipambazuka. Chebet kazaliwa mchana. Cherono kazaliwa jioni, mbuzi na kondoo wakirudi zizini. Kiprugut ni mtoto wa wakati wa njaa. Kwa hiyo katika mbio moja ya shule unaweza kuwa na kina Chebet wanne na kina Chepkoech watatu, wote wa kweli, wote wenye mama tofauti. Mhariri aliyeko Nairobi akiletewa matokeo kwa ujumbe wa simu ataandika “Chebet alishinda”, na Chebet wanne wa Longisa watalala kila mmoja akidhani ni yeye au si yeye. Hata katika mbio kubwa za dunia majina haya humtatiza msomaji: Chebet aliyeshinda Boston mwaka 2022 na 2023 ni Evans, mwanamume. Anayejua kutenganisha kina Chebet ni yule aliyeuliza jina la ubatizo, jina la baba, kijiji na shule. Kazi hiyo hufanyika kwa miguu.

Mfano bora ninaoujua wa kazi ya namna hiyo unatoka mbali, lakini ukiusikiliza vizuri utaona kama unatoka mji jirani. Winston-Salem, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, ni mji uliojengwa na tumbaku kama Kericho ilivyojengwa na chai: kiwanda, wafanyakazi, shule, kanisa, na gazeti la mji. Katika gazeti hilo aliajiriwa mwaka 1940 mwanamke aitwaye Mary Garber. Alipewa kazi ambayo wanawake walipewa siku zile, kuandika habari za harusi na karamu za watu wenye nafasi. Utotoni alikuwa amecheza kandanda ya Kimarekani na wavulana wa mtaani, akiwaongoza uwanjani, na karamu hazikumsisimua hata kidogo.

Vita vya Pili vya Dunia vilimfungulia mlango. Wanaume waliitwa jeshini, dawati la michezo likabaki tupu, na mwaka 1944 akaambiwa aende huko. Vita vilipokwisha alirudishwa kwenye habari za kawaida, lakini baada ya muda mfupi akawa amerudi tena michezoni, na hakutoka. Aliandika juu ya michezo kwa takriban miaka hamsini na minane. Alistaafu rasmi mwaka 1986, ila aliendelea kuleta habari gazetini hadi 2002, akiwa na zaidi ya miaka themanini na mitano. Alifariki mwaka 2008 akiwa na umri wa miaka 92.

Alikutana na vizuizi vyote ambavyo mwanamke wa leo hapa kwetu angevitambua. Katika uwanja wa chuo kimoja kikubwa alikataliwa kuketi kwenye jukwaa la waandishi, akapelekwa kukaa na wake za makocha, watoto wakipiga kelele na yeye akijaribu kuandika. Chama cha waandishi wa michezo wa eneo lake hakikumtaka; miaka baadaye chama hicho hicho kilimchagua kuwa rais wake. Vyumba vya kubadilishia nguo vilikuwa vimefungwa kwake, hivyo alisimama nje ya mlango, wakati mwingine kwenye mvua, akingoja wachezaji watoke mmoja mmoja huku wenzake wa kiume wakiwa wamekwisha kupata maneno yao ndani. Suala la milango hiyo lilifika mahakamani Marekani, na mwaka 1978 mwandishi mwingine, Melissa Ludtke, alishinda kesi iliyowafungulia wanawake. Garber alikuwa amekwisha kungoja nje kwa zaidi ya miaka thelathini.

Lakini kuvumilia milango siko kunakonivuta zaidi kwake. Kinachonivuta ni viwanja alivyovichagua. Enzi hizo za ubaguzi wa rangi, magazeti ya Wazungu wa kusini mwa Marekani hayakujali michezo ya shule za Weusi. Shule zilikuwepo, timu zilikuwepo, mabingwa walikuwepo, ila kwa msomaji wa gazeti hawakuwepo. Garber alikwenda huko. Aliandika mechi za shule za sekondari za Weusi na za chuo cha Weusi cha mji huo, akahesabu pointi zao na kutaja majina yao kama alivyofanya kwa wengine. Yeye mwenyewe alipenda kusimulia siku aliposikia mtoto mmoja Mweusi akimweleza mwenzake yule mama ni nani: kwamba hajali wewe ni nani wala umetoka wapi, ukifanya jambo, atakuandika.

Mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka 89, alipewa tuzo ya Red Smith, heshima kubwa ya wahariri wa michezo wa Marekani, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata. Mimi naona tuzo yake kubwa ilikuwa ile kauli ya mtoto. Hebu jiulize kama kuna mtoto mmoja Longisa, au Sigor, au Merigi, anayeweza kusema hivyo juu ya mwandishi yeyote anayemjua.

Kenya haijakosa wanawake katika habari za michezo. Kizazi kizima kilimsikia Carol Radull akichambua soka redioni wakati wanaume wengi walidhani mwanamke hajui hata kuotea ni nini. Evelyn Watta amefika hadi kuwa makamu wa rais wa AIPS, chama cha waandishi wa michezo duniani. Hao walifungua njia, na nawavulia kofia. Njia waliyoifungua, hata hivyo, inaanzia Nairobi na kuelekea ulimwenguni. Kutoka Nairobi kurudi Longisa bado ni kichaka. Fungua kurasa za nyuma za gazeti lolote siku ya Jumatatu utaona kwa nini: Ligi Kuu ya Uingereza imejaa tele, kisha ligi yetu kidogo, kisha riadha ikiwa kuna aliyevunja rekodi. Kijana wa hapa anaweza kukutajia kikosi cha Arsenal pamoja na wa akiba. Muulize ni nani aliyeshinda mbio za nyika za wasichana wa kaunti yake, atakutazama kama umemuuliza nauli ya kwenda mwezini.

Sasa, kwa nini nasisitiza mwanamke? Sababu ya kwanza inaumiza. Septemba 2021 Agnes Tirop alikimbia kilomita 10 huko Herzogenaurach, Ujerumani, kwa dakika 30 na sekunde moja, rekodi ya dunia ya mbio za wanawake pekee. Tulisoma muda huo magazetini. Oktoba 13, mwezi mmoja baadaye, aliuawa nyumbani kwake Iten, akiwa na miaka 25. Septemba 2024 mkimbiaji wa Uganda Rebecca Cheptegei, aliyekuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris, alifariki Eldoret baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia. Mara zote mbili tulijua sekunde zao na hatukujua maisha yao. Sisemi mwandishi mwanamke angezuia mauaji. Nasema msichana wa miaka kumi na saba ambaye kocha wake, meneja wake, mwalimu wake wa michezo na mwandishi aliyemjia na kinasa sauti wote ni wanaume, hana wa kumwambia kwamba pesa zake za kwanza za mbio zimechukuliwa, au kwamba kambini kuna mtu anayemsumbua. Mwandishi anayerudi kila msimu, anayemjua mama yake, anayeweza kukaa naye kwenye nyasi baada ya mbio bila minong'ono, husikia mambo ambayo saa haipimi.

Sababu ya pili ni nyepesi kidogo. Hapa hatuwezi kusema mila haziruhusu. Mwaka 2017, Kenya ilipochagua magavana wanawake kwa mara ya kwanza, walikuwa watatu tu nchi nzima, na mmoja wao, Joyce Laboso, alichaguliwa na sisi watu wa Bomet. Tulimpa kaunti nzima aishike, hadi kifo kilipomchukua Julai 2019. Watu waliomkabidhi mwanamke bajeti ya kaunti watashindwaje kumkabidhi binti yao kalamu na kiti kando ya uwanja?

Najua yatakayosemwa. Litaanza la pesa, na ni la kweli. Mwandishi wa mashinani mara nyingi hulipwa kwa habari iliyochapishwa. Ikikosa nafasi, nauli ya bodaboda imeliwa na chakula cha mchana hakipo. Miaka ya karibuni vyumba vya habari vikubwa vimepunguza watu, na wa mikoani ndio huwa wa kwanza kuguswa. Binti anayehitimu uanahabari akirudi Longisa atakuta ualimu, duka la M-Pesa, au kuandika sifa za wanasiasa kwa malipo. Simlaumu akichagua lolote kati ya hayo. Nawalaumu wanaoamini kwamba habari za watoto wao zitaandikwa bure na mtu mwenye njaa.

Litafuata la simu. Wataniambia siku hizi kila mtu ni mwandishi, matokeo yanapelekwa kwenye kundi la WhatsApp yakiwa bado moto. Ni kweli yanapelekwa. Yanakwenda pamoja na picha za mazishi, matangazo ya ng'ombe aliyepotea na salamu za asubuhi, na baada ya siku tatu hakuna anayeweza kuyapata. Tena hayana mtu wa kuwajibika. Nimewahi kuona muda wa mkimbiaji mmoja ukiandikwa namna mbili katika makundi mawili, na hakuna aliyejali kusahihisha. Gazeti likikosea jina la mtoto, mama yake huja na nakala mkononi kudai lisahihishwe, na mhariri husahihisha. Hilo la kusahihisha ndilo linaloufanya ukurasa uwe kumbukumbu.

Naomba mambo matatu yasiyohitaji mfadhili wa ng'ambo. Wahariri wa magazeti, na hasa Taifa Leo ambalo ndilo gazeti letu la kila siku la Kiswahili, watenge safu moja kwa wiki katika msimu wa michezo ya shule: matokeo ya kaunti, majina kamili, shule, muda. Safu kama hiyo haina mapambo, ila kila jina ndani yake lina familia itakayonunua nakala. Ofisi za elimu za kaunti ndogo ziandike matokeo kwenye jedwali moja, lisainiwe, linakiliwe na kuhifadhiwa, ili mwandishi akija asitegemee daftari la chakula cha mchana. Na vyama vyetu vya akiba na mikopo, ambavyo hutoa jezi na vikombe kwa picha, vinunue tangazo chini ya ukurasa wa michezo wa hapa. Vilipe gazeti kwa tangazo tu, bila kumwajiri mwandishi, maana mwandishi anayelipwa na mtoa kombe ataandika kombe na kumsahau mshindi.

Kwa walimu wa uanahabari na wa Kiswahili nina neno la ziada. Mna wanafunzi wasichana ambao hawakimbii, ambao siku ya michezo huketi chini ya mti wakisubiri basi. Mpeni mmoja wao daftari lenye jalada gumu. Mwambieni asimame kwenye mstari wa kumalizia, aulize kila mshindi jina lake lote na kijiji chake, na asiogope kumuuliza mwalimu aliyeshika saa arudie muda. Mary Garber alijifunza kazi yake kwa kuifanya kwenye viwanja ambavyo hakuna mwingine aliyevitaka. Vya namna hiyo tunavyo vingi.

Msimu ujao nitakuwa kando ya uwanja na daftari langu, nikianza na kumtafuta yule msichana wa mita 3,000 kama bado yuko shuleni. Mimi nashikilia nafasi tu. Kama kuna binti wa Longisa anayeitaka, aje tukutane kwenye mstari wa kumalizia. Na kama kuna mhariri anayeyahitaji matokeo ya kaunti ndogo yetu, ajue kwamba safari hii yatakuwa yameandikwa.